Maua ya Saa Nne

Kiwanja cha nyumba yetu Iringa hakuna aliyekitaka, maana nusu yake ni jiwe. Sisemi mawe ya kuokota na kusogeza. Ni jiwe la Iringa lenyewe, kubwa kuliko nyumba tuliyojenga, limelala hapo tangu dunia iumbwe, na madogo yake yamelizunguka. Walioonyeshwa kiwanja kabla ya baba walicheka wakaondoka. Baba akasema anayeogopa mawe akakae Ubaruku kwenye matope ya mpunga. Akajenga upande wenye udongo, upande wa mawe akamwachia mama.

Mama alijaribu kila kitu. Alipanda mahindi kwenye nyufa, yakawa mafupi kuliko sisi watoto. Akapanda maboga, pimbi wakashuka kutoka juu ya jiwe wakayala yangali machanga. Mwaka mmoja alikwenda kwao Igowole kwenye msiba, akarudi na kitu amekifunga kwenye pindo la khanga: vijiti vinne vya mmea mdogo, wenye majani membamba yaliyojaa maji. Baba aliutazama akasema huo ni mchicha ulionyimwa chakula. Kule Igowole ulikuwa umedumaa kwa ukungu. Huku kwetu ulikuta jua na mawe yenye joto, ukatambaa. Mwaka wa pili hatukuuona tena udongo kati ya mawe. Maua yake yalikuwa na rangi ya ndani ya pera lililoiva, na katikati njano kidogo.

Kupanda kwenye mawe mama hakufundishwa na mtu, lakini alikuwa na masharti utadhani mganga. Jiwe lilale, lisisimame. Yaani unachukua jiwe bapa, unalizika kiasi, unaliegemeza nyuma, ili mvua ikinyesha maji yarudi kwenye mizizi yasikimbilie bondeni. Mchanga wa mtoni uzidi udongo. Samadi hapana, maana mmea ukiushibisha unatoa majani unasahau maua. Na ukivunja kipande cha kupanda, usikichomeke siku hiyo. Unakilaza kivulini siku mbili mpaka kidonda kikauke, kwa sababu kibichi kinaoza. Dirishani kwetu hapakukosa sahani yenye vijiti vinavyosubiri kidonda kikauke, na aliyevigusa alichapwa.

Tuliyaita maua ya saa nne. Jua likipanda juu ya jiwe kubwa na kufika kwenye nyufa, saa nne au hapo karibu, yalifunguka yote kwa pamoja. Saa tisa yalikuwa yameshafunga, na kila ua siku yake ni moja tu. Siku ya mawingu hayakufunguka. Siku ya mvua ndiyo kabisa, yalijikunja ukadhani hayapo. Mama hakuwa na saa ya mkononi wala ya ukutani. Aliangalia mawe, akasema, “Yamefungua,” akainjika chai.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ugonjwa wa kusahihisha watu ulinianza mapema. Nilipokuwa sekondari nilimwambia mama kwamba maua huchanua, kinachofungua ni duka. Akaniuliza kama sijaona nyuki wanavyopanga foleni pale, au nao wanakwenda kutembea tu. Ndivyo alivyokuwa, ukimpa kitabu anakurudishia kikiwa kimefungwa. Aliendelea kusema yamefungua na yamefunga mpaka siku zake za mwisho, na siku hizi mimi mwenyewe neno jingine halinitoki.

Nilipangiwa kazi Mbeya, shule ya msingi. Nikapata nyumba ya kupanga yenye uwanja wa sakafu kutoka ukuta hadi ukuta, hata mahali pa kutemea mate hakuna. Kila nilipokwenda likizo mama alinipa vijiti, nami kila mara nikakataa, namwambia nitavichomeka wapi, kwenye saruji? Akasema mawe yapo Mbeya pia, Mungu hakuyamaliza Iringa. Mwishowe akaona ananipa nafasi ya kukataa kwa sababu ananipa vijiti vitupu. Januari moja, nikiwa narudi kazini, nikakuta amenitayarishia kopo la rangi ya buluu, limetobolewa chini kwa msumari, ndani kuna mchanga, vijiwe vitatu vimelazwa, na ua limeshatambaa mpaka ukingoni. Mkono wa kopo ulikuwa waya, ameuviringishia kipande cha kitenge chake cha kijani ili usinikate vidole. Hapo ningesema nini? Nikalibeba.

Nilikuwa na begi, unga, maharage, na sketi mpya niliyoipenda. Basi lilijaa. Kopo likawa mapajani, kila breki mchanga unamwagika kwenye sketi, na jirani yangu kwenye kiti anavuta pumzi kwa nguvu nijue amekerwa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mpaka tunafika Chimala nilikuwa nimeshalichukia lile kopo kama lina roho. Basi likasimama watu wanunue mchele, maana ukipita Chimala bila mchele nyumbani watakuuliza ulipita njia gani. Nikashuka. Nilinunua kwa mama mmoja aliyekuwa na meza chini ya turubai, nikaliweka kopo kwenye mguu wa meza ili nipokee mfuko. Dereva akapiga honi.

Nikisema nilisahau nitakuwa naongeza uongo mwingine. Nilikuwa nimeshapiga hatua nne tano, yule mama akaniita kwamba nimeacha kopo. Nikageuka, nikamwambia, “Baki nalo tu, mama. Linanisumbua.” Nikapanda basi, nikakaa vizuri, nikakung'uta sketi.

Jioni mama akapiga simu kuuliza kama nimefika. Nikasema nimefika. Na kopo? Nikasema limefika. Ilikuwa rahisi hivyo. Wiki iliyofuata akauliza kama limeshika, nikasema limeshika. Ningefanyaje, nimwambie kazi yako ya mwezi mzima nimemwachia muuza mchele? Nilijiambia nitamwambia nikienda likizo ya Juni. Juni ikaja, nikakuta amekwenda kuomba vijiwe vyeupe kwa mafundi ujenzi ili nije navyo Mbeya, nikashindwa.

Kwenye simu lile ua lilistawi sana. Nilimwambia nimeliweka kwenye mawe pembeni ya ukuta, baadaye nikasema limetambaa hadi kwenye bomba, mwaka mwingine nikasema mwenye nyumba ameomba kipande. Mama alipiga saa nne, karibu kila siku ya kazi. Shuleni saa nne ni chai, kwa hiyo aliniwahi nikiwa ofisini, kikombe mkono mmoja na kiazi mkono wa pili. Walimu wenzangu walikuwa wanajua ni nani anapiga. Alisalimia, akauliza nimeamkaje, akauliza baridi ya Mbeya, kisha akauliza, “Yamefungua?” Nami nikasema, “Yamefungua, mama.” Akasema haya, kunywa chai, akakata. Miaka sita.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, kutoka Iringa hadi Mbeya, na ilipita Chimala.

Kilichoniokoa ni kwamba mama hakuwahi kuja kwangu. Miguu yake ilivimba akikaa sana kwenye gari. Safari yake ya mbali ilikuwa moja kwa mwaka, baada ya mavuno ya mpunga, alipokwenda Chimala na akina mama wa jumuiya ya kanisani kununua mchele wa kuweka ndani. Walikodi lori dogo, wakaondoka alfajiri wakarudi siku hiyo hiyo, wanaimba njia nzima. Mara zote nilimsihi akishafika Chimala asogee hadi Mbeya, halafu nikikata simu naomba Mungu asinisikilize.

Krismasi ya mwisho, baba akiwa ameshafariki, tulikaa na mama kwenye mawe, mimi na kaka yangu mkubwa aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Maua yalikuwa yamefungua yote. Mama akasema siku akifa tusimfunike na marumaru kama wanavyofanya watu siku hizi. Alisema marumaru inateleza, siku ya ufufuo atainuka aanguke tena. Tukacheka. Akasema anataka mawe yaliyolala na maua yake juu, basi. Kaka alisema mama acha mambo hayo, sikukuu hii. Mimi niliitikia, na mama akaniangalia kidogo, akaniambia kwamba hata haya ya hapa yakifa kwa ukame, ya kwangu yapo, hana wasiwasi.

Alifariki Agosti. Jumanne alinipigia saa nne kama kawaida. Alhamisi, kabla hakujakucha vizuri, kaka alinipigia akilia, na mwanaume yule sijawahi kumsikia akilia. Presha, walisema. Nilipanda basi la kwanza. Tulipita Chimala na sikuinua kichwa.

Tulipofika Makambako, upepo unapiga vioo, simu ikaita. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya, rafiki wa mama. Alinipa pole, nikapokea. Akaniambia nisiwe na wasiwasi na nyumba, akina mama wameshafika na majembe na mafagio, wanaandaa uwanja kwa ajili ya wageni. Kwetu msiba ukitokea ndivyo inavyokuwa. Watu wanakuja kukuondolea aibu, hawaachi jani moja uwanjani, ili waombolezaji wasiseme marehemu alikuwa anaishi porini. Akaniuliza kuhusu kule kwenye mawe. Alisema pamekauka, pamejaa vichaka vichaka, mama hakuwa na nguvu siku za mwisho. Wapasafishe? Aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye binti.

Agosti Iringa ni baridi na vumbi. Maua ya saa nne yanakuwa vijiti vya kahawia vimelala, usiyeyajua unaona takataka. Mimi nilikuwa nayajua. Lakini nilikuwa nalia, nataka simu ikatike nirudi kulia, na niliona ananiuliza jambo dogo.

“Safisheni kote,” nilisema.

Walisafisha kote. Nilipoingia getini, kabla hata sijafika kwa mama alipolazwa, macho yangu yalikwenda kwenye mawe, na mawe yalikuwa meupe. Walikuwa wamekwangua mpaka udongo wa kwenye nyufa, wengine kwa vijiko, wakayamwagia maji na kuyasugua kwa fagio la chelewa. Udongo waliutupa korongoni. Vile vijiwe bapa vya mama, vilivyolala miaka thelathini, walivipanga pembeni vizuri, vimesimama kimoja baada ya kingine, kama matofali. Mwenyekiti alinishika mkono akanionyesha. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Nilisema asanteni sana, Mungu awabariki, na niliposema hivyo nikakaa chini pale pale, wakaniinua wakidhani ni uchungu wa mama. Ulikuwa uchungu wa mama.

Tulimzika Jumamosi. Baada ya mazishi tukakaa kikao cha ukoo, akina mama wa jumuiya nao wakiwepo, na kaka akasema siku ya arobaini tutajengea kaburi, ameshaona marumaru nzuri. Nilimkumbusha Krismasi. Alisema anakumbuka, ila mawe yale ameyaona, hayana kitu. Hayo maua yako wapi?

Mwenyekiti ndiye aliyejibu, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyekumbuka pesa mfukoni. Alisema mbona yapo kwa mwalimu Mbeya. Wengine wakaitikia. Mama alikuwa akiwasimulia kila jumuiya, wakishamaliza sala, kwamba ya binti yake yamestawi kuliko yake, yamefika hadi kwenye bomba, hadi mwenye nyumba ameomba. Watu wote wakanigeukia. Kaka akasema basi, kama ni hivyo yalete siku ya arobaini, na yasipokuwepo fundi atakuwa tayari na saruji yake.

“Nitayaleta,” nikasema.

Kwenye kona ya ukumbi mwenyekiti alinivuta pembeni. Uso wake ulikuwa umebadilika. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama vile vichaka walivyoving'oa ndiyo yale yenyewe. Nilimwambia hapana, yalikuwa yameshakufa zamani. Akashusha pumzi, akanikumbatia. Malengelenge yake nayakumbuka mpaka leo, sikuweza kumwambia vinginevyo.

Nikarudi Mbeya na siku thelathini na kitu mkononi. Wauza miche wa kando ya barabara walikuwa na maua ya aina hiyo, ya njano, meupe, ya machungwa yenye petali nyingi zilizojazana, kwenye mifuko myeusi. La rangi ya pera hapakuwa nalo. Mmoja alinishauri nichukue la pinki kali, nani atajua? Nililishika kabisa mkononi. Kisha nikalirudisha. Nilikuwa nimeshamdanganya mama kwa ua hilo kiasi cha kutosha akiwa hai, kumdanganya tena akiwa kaburini niliona haya. Jirani zangu waliniona nikiwa nimekaa kwenye sakafu ya uwanja, pembeni ya bomba, pale ambapo bustani yangu ya kwenye simu ilipaswa kuwa, wakanipa pole ya msiba.

Ikabaki Chimala. Nilikuwa najua tangu siku ya kwanza kwamba itabaki Chimala, nikawa naogopa. Miaka sita kopo la mtu mwingine nani anatunza? Lakini Jumamosi iliyokuwa imebaki wiki moja kufika arobaini nilipanda gari, nikashuka pale sokoni kama saa tano hivi, jua la Chimala linachoma. Meza ya yule mama ilikuwa imesogezwa nyuma, mbali na barabara. Turubai jipya, meza ile ile.

Nyuma ya meza, kwenye mteremko wa mtaro, niliona mawe. Yalikuwa mawe bapa ya mtoni, kama ishirini, yamezikwa kiasi, yameegemea nyuma. Yamelala, hakuna lililosimama. Na kati yake, na juu yake, hadi kwenye magunia, maua yenye rangi ya ndani ya pera yalikuwa yamefunguka, nyuki wamejaa. Kopo la buluu lilikuwa pembeni, limeliwa na kutu, kwenye waya wake kuna kitambaa ambacho rangi yake ya kijani ilikuwa imebaki kidogo kwenye mkunjo.

Nilijua kabla hajasema mtu. Muuza mchele hawezi kujua kwamba jiwe linalazwa.

Nilimsalimia yule mama, nikamwambia nayapenda maua yake, naomba vijiti. Alikataa kwa upole. Alisema yana mwenyewe. Ni mama mmoja wa Iringa, mfupi, haachi sweta la kahawia hata joto liwe namna gani, huja mara moja kwa mwaka na wenzake kununua mchele. Wenzake wakizunguka kutafuta bei, yeye hukaa hapo kwenye gunia, akalimia maua, akayapangia mawe. Mwaka huu tangu watu wavune hajamwona. Nilimwambia huyo ni mama yangu, na kwamba tumemzika mwezi uliopita.

Alikaa chini. Tulilia wote wawili, wateja wakapita. Kisha akaniangalia vizuri, nikaona anaifikia sura yangu polepole.

“Ni wewe uliyeniachia,” alisema.

Nikamwambia ni mimi.

Akanisimulia. Mama alipokuja mara ya kwanza baada ya mimi kuliacha, aliliona kopo akasimama mbele yake muda mrefu. Akauliza limetoka wapi. Yule mama, ambaye hakuwa na sababu ya kuficha, akamwambia kuna dada mmoja wa kwenye basi aliliacha, akasema linamsumbua. Alinunua mchele wake, akalipa, akashuka mtoni, akaanza kubeba mawe. Ilikuwa mwaka wa pili ndipo alipomwambia kwamba yule dada ni mwanawe, na kwamba mwanawe humwambia maua yapo Mbeya. Yule mama alikasirika kwa niaba yake. Alimwambia ampigie amseme, mtoto gani anamdanganya mzazi hivyo.

“Alisema nini?” niliuliza.

“Alisema, ‘Nikimwambia najua, ataona aibu, simu hatapokea. Sasa hivi saa nne anapokea.’”

Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeliuliza siku ya kwanza. Saa nne mimi niko shuleni. Maua niliyosema yako nyumbani kwangu, pembeni ya bomba. Ningeyaonaje kama yamefungua? Miaka sita mama ananiuliza jambo ambalo hata kama ningekuwa na maua nisingeweza kulijua, na mimi namjibu huku natafuna kiazi. Na jumuiya ikiisha anawaambia wenzake yamefika hadi kwenye bomba.

Yule mama wa mchele alinivunjia vijiti mwenyewe, karibu kikapu kizima. Alipomaliza aliniuliza kama safari hii nitafika navyo. Nilistahili.

Nilivilaza dirishani Mbeya siku mbili, kidonda kikakauka. Siku ya arobaini tuliamkia makaburini na vile vijiwe bapa vya mama kwenye toroli. Nilivilaza kimoja kimoja juu ya kaburi, mchanga mwingi, udongo kidogo, nikachomeka vijiti. Kaka alisimama na fundi wake, akatazama, akamwambia fundi aende. Akina mama wa jumuiya waliimba. Mwenyekiti akatangaza kwamba maua ya Mbeya yamerudi nyumbani, na wote wakaniangalia kwa upendo. Nilikuwa nimepanga kusema ukweli mbele yao. Nilifungua kinywa, nikamwona mama amekaa kwenye gunia la mchele anatunza siri yangu, nikashindwa kuitoa. Nilisema asanteni kwa kuja. Mpaka leo hawajui.

Nilimwomba mwenyekiti awe ananiangalizia, kwa kuwa makaburi ni karibu na kwake. Nikamwonyesha kwamba hapa pasipaliliwe na mtu. Alisema hata yeye atakufa kabla jembe halijagusa pale.

Oktoba ilipita na jua kali. Mwishoni mwa Novemba, siku ya kazi, niko ofisini na kikombe cha chai, simu ikaita. Ilikuwa saa nne. Walimu wenzangu waliangaliana, kwa sababu tangu Agosti saa nne simu yangu haikuwa ikiita. Nilitoka nje kupokea.

Alikuwa mwenyekiti. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akauliza nimeamkaje, akauliza baridi ya Mbeya. Halafu akasema ananipigia kunipa habari njema.

“Mwalimu, yamefungua. Kaburi lote, hadi kwenye msalaba.”

Nyuma ya sauti yake nilisikia mvua inapiga bati, mvua kubwa ya kuyakunja maua yote, ilibidi apaze sauti ndipo nimsikie. Nilisimama pale kwenye kibaraza cha shule nimeshika simu kwa mikono miwili.

“Asante, mama,” nikamwambia. “Nipigie na kesho.”